Kwodi haikai sailensa: usinunue kabureta kabla hujapima upepo

Swali. Nina kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya Yamaha Blaster 200 ya miaka ya 1990, naitumia shambani nje kidogo ya Jinja. Ilikaa miezi minane bila kuwashwa. Sasa asubuhi inawaka kwa choki tu, nikirudisha choki inazima. Ikishapata moto, sailensa (mizunguko ya injini bila kuvuta mafuta) inapanda yenyewe kana kwamba mtu amevuta mafuta, inalia hivyo kwa muda, halafu inashuka ghafla na kuzima. Fundi wa boda ameshafungua kabureta mara tatu na plagi ni mpya. Anasema kabureta imekufa, ninunue ya kichina. Jirani naye anasema ni mwinuko. Nishike la nani?

Jibu. Ndugu yangu, kwa sasa usishike la yeyote, na pesa ya kabureta iache mfukoni. Lakini kabla ya habari za pesa, iegeshe hiyo kwodi mpaka ugonjwa ujulikane. Blaster ni ya mipigo miwili, na injini ya namna hiyo haina oili chini inayozunguka kama ya Boxer, boda ya mipigo minne. Pistoni, ringi na beringi za krenki zinalainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, na petroli yenyewe inasaidia kupoza kichwa cha pistoni. Petroli ikipungua, joto linapanda, na kama unachanganya oili kwenye tangi, oili nayo inapungua papo hapo. Sailensa inayopanda yenyewe ni injini yenye njaa. Ukiipandisha kilima au ukaikimbiza kwenye murramu ikiwa na njaa, pistoni inavimba na kushika silinda bila kukupa onyo. Hapo utakuwa unazungumzia kuchonga silinda na kununua pistoni ya oversaizi, si jeti (kitundu cha kupimia petroli) ya kabureta tena.

Na kama itakupandishia mizunguko ukiwa juu yake na swichi ya kuzima isisaidie, achia mafuta, vuta choki yote, weka gia ya juu, kanyaga breki na uachie klachi mpaka izimike. Usikimbilie kufunga koki ya petroli. Bakuli la kabureta litaendelea kuilisha kwa muda, na kadiri petroli inavyokaribia kuisha ndivyo njaa inavyozidi na mizunguko inavyozidi kupanda.

Dalili mbili, ugonjwa mmoja

Choki ya kabureta ya Mikuni VM, ambayo ndiyo iliyo kwenye Blaster, si kibao kinachoziba hewa kama cha jenereta. Ni njia ya pembeni inayoongeza petroli wakati slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta mafuta) imefungwa. Kwa hiyo injini inayokaa kwa choki tu inakuambia kwamba bila petroli ya ziada haitoshelezwi. Ile ya kupanda yenyewe ikipata moto ni maneno hayohayo kwa sauti nyingine: mchanganyiko mwepesi (petroli kidogo, hewa nyingi) unaipandisha mizunguko, unakataa kuiachia ishuke, na ukizidi wepesi hauwaki tena, ndipo inazima.

Hapo ndipo hoja ya jirani inapoanguka. Mwinuko unafanya kinyume. Ziwa Victoria lenyewe liko karibu mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na Jinja iko juu yake kidogo. Hewa ya hapo ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Mombasa. Jeti haijui hilo, inaendelea kutoa petroli kama ya pwani, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kiwandani kwa ajili ya pwani ikifika Jinja inalisha kupita kiasi. Mwinuko ukikusumbua utaona moshi, plagi nyeusi iliyolowa, na injini inayojikohoza. Kwodi inayolia njaa mahali ambapo ilipaswa kushiba ina kosa la wazi, na kosa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Njaa ina milango miwili. Ama petroli haifiki ya kutosha, ama kuna hewa inayoingia bila kupita kwenye kabureta. Kabureta ikifunguliwa mara tatu na hali ikabaki vilevile, mlango wa pili ndio wa kutazamwa. Mpira wa manifoldi, ule unaounganisha kabureta na silinda, kwenye mashine ya umri huo ukikaa miezi minane bila kuguswa na mvuke wa petroli, unakauka na kupasuka. Sili za krenki, mipira inayozuia hewa kwenye ncha zake mbili, nazo zinakauka midomo. Fundi wako si mjinga. Kwenye Boxer kabureta kweli ndiyo mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa kule tumbo la krenki halina kazi ya kupitisha mchanganyiko. Kwenye injini ya mipigo miwili tumbo la krenki ni pampu. Tundu lolote humo ni kabureta ya pili isiyo na jeti.

Mambo ya robo saa

Anza na yasiyogharimu kitu. Fungua kifuniko cha tangi mara tu inapozima. Ukisikia mlio wa hewa ikinyonywa, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, na hapo ugonjwa wako umeupata bure. Kisha chomoa mrija wa petroli kwenye kabureta na uelekeze kwenye chupa: petroli ishuke kwa mkondo usiokatika, chupa ndogo ya soda ijae ndani ya dakika moja au mbili. Ikidondoka matone, safisha kichujio cha koki ndani ya tangi. Petroli ya kununuliwa kwa chupa au kwa jerikeni lililowahi kubeba vitu vingine huja na maji na uchafu. Ile iliyokaa miezi minane imwage yote, usiiongezee mpya juu.

Angalia waya wa mafuta. Mkono wa kidole gumba uwe na nafasi huru ya milimita chache kabla slaidi haijaanza kuinuka. Injini ikiwa inawaka, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Sailensa ikipanda unapogeuza, waya umebana au umepitishwa vibaya, na kabureta haina kosa hapo.

Blaster ina kitu ambacho boda hazina: mfumo wa Yamaha wa kukata moto iwapo slaidi itakwama. Una swichi kwenye mkono wa mafuta na nyingine kwenye kile kiboksi juu ya kabureta. Swichi zikishika kutu au waya ukilegea kupita kiasi, mfumo unadhani slaidi imekwama na unakata moto, injini inadunda-dunda au inazima. Breki ya kuegesha nayo ikiwa imefungwa inazuia mizunguko kupanda. Mfumo huu hauwezi kupandisha sailensa yako, lakini unaweza kuhusika na kule kuzima ghafla, kwa hiyo kagua viunganishi vyake, vikaushe, na hakikisha breki ya kuegesha inaachia kabisa. Ukikuta mtu alishaung'oa, tazama kama aliacha skrubu ya sailensa mahali pake, maana kwenye kabureta ya asili skrubu hiyo iko kwenye kiboksi hicho cha juu.

Boksi la hewa liwe na kifuniko chake na sponji nzima, iliyolowekwa oili na kukamuliwa. Kwodi inayotembea bila kifuniko inapata hewa zaidi ya iliyokusudiwa, na vumbi la murramu linakula ringi.

Jambo la mwisho kabla ya kuchafua mikono ni kupima kompresheni. Funga geji kwenye tundu la plagi, vuta mafuta yote, piga kiki mpaka sindano ya geji isimame. Zingatia mwinuko hapa pia: silinda inayosoma psi 120 usawa wa bahari itasoma kama 104 Jinja ikiwa na afya ileile. Ikisoma chini ya 90, ringi zimechoka, na hakuna skrubu ya kabureta itakayoifanya ikae sailensa vizuri.

Chupa ya saluni, halafu mashine ya presha

Tafuta chupa ya kunyunyizia maji kama zile za saluni. Injini ikiwa imepata moto na inalia sailensa, nyunyiza maji membamba kuzunguka mpira wa manifoldi, pale unapokutana na silinda na pale unapobana kabureta. Kisha kwenye mstari wa gasketi ya chini ya silinda. Sailensa ikibadilika, hata kwa sekunde moja, maji yameziba ufa kwa muda na umeuona mlango. Kuna mafundi wanaonyunyizia petroli kwa kazi hii. Ni kweli inaonyesha ufa, lakini juu ya ekzosi ya moto inaweza kukuachia fremu tupu. Baki na maji.

Maji hayafiki kwenye sili za krenki, kwa sababu moja iko nyuma ya magineti na nyingine iko upande wa klachi. Hizo zinahitaji kupimwa upepo, na hiki ndicho kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka kwa kuamini kinahitaji kifaa cha kuagiza nje. Mashine ya presha ya zahanati, ile ya saa na balbu ya mkono, inafanya kazi hii kikamilifu. Saa yake inaishia 300, yaani milimita 300 za zebaki, sawa na psi 5.8. Kipimo kinachotumika kwa injini hizi ni psi 6 kwa dakika 6. Utadhani vilitengenezwa kwa pamoja. Usithubutu kutumia kompresa ya wajaza matairi: upepo wake unazisukuma sili nje ya makao yake, na utakuwa umetengeneza tundu ambalo halikuwepo.

Fungua ekzosi na uzibe mlango wake kwa vipande viwili vya tyubu ya lori vilivyobanwa na kibao cha chuma. Ondoa kabureta lakini uache mpira wa manifoldi mahali pake. Tafuta kipande cha bomba chenye unene sawa na shingo ya kabureta, kizibe upande mmoja, kitoboe na upachike vavu ya tyubu iliyotolewa sindano yake, kisha kiingize kwenye mpira na ukaze klempu. Mrija mdogo wa oili kutoka pampu, popote unapoingia upande wa injini, uzibe kwa bolti ndogo. Shusha pistoni mpaka chini kabisa ili milango ya silinda iwe wazi, ukiihakikisha kwa mrija wa soda kupitia tundu la plagi, kisha rudisha plagi.

Pulizia kutoka upande wa manifoldi, si kwenye tundu la plagi. Ndimi za ridi, vavu nyembamba iliyo kati ya manifoldi na tumbo la krenki, zinafunguka kuelekea ndani tu. Ukipulizia kwenye plagi, ridi inajifunga na ule mpira, ambao ndio mshukiwa wako mkuu, unabaki nje ya kipimo.

Pandisha taratibu hadi 280 na ufunge. Kwanza paka povu la Omo kwenye viziba vyako mwenyewe, maana mara nyingi kinachovuja ni hivyo. Vikishatulia, tazama saa. Injini nzima inakaa karibu palepale. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika moja, kuna tundu la kutafutwa. Paka povu kwenye shina la mpira wa manifoldi, gasketi ya ridi, chini ya silinda, hedi, na mshono wa kasha la krenki. Ondoa kifuniko cha magineti na upake povu kwa brashi ndogo katikati, nyuma ya magineti. Kwa upande wa klachi, chukua mrija wa kupumulia wa gia boksi, uchovye kwenye chupa ya maji. Ukiona mapovu, sili ya upande huo imekufa. Sili hiyo ikifa una dalili nyingine pia: oili ya gia inapungua bila kudondoka chini, na moshi mweupe hauishi hata injini ikiwa ya moto.

Kuna sili inayoshika ukiipulizia lakini inaachia ikinyonywa, kwa sababu upepo wa ndani unaukandamiza mdomo wake kwenye krenki. Kwa hiyo saa ikikaa imara na dalili zikaendelea, rudia kwa pampu ya kunyonya kwa kiasi hichohicho kabla hujaisafishia injini jina.

Ukishaliona tundu

Mpira wa manifoldi uliopasuka unabadilishwa. Silikoni ya kawaida ya dukani inaliwa na petroli na inageuka kamasi, na vipande vyake vinaishia kwenye ndimi za ridi. Tyubu ya baiskeli ikifungwa juu yake inakufikisha nyumbani tu. Ukiwa umeufungua, toa na ridi uitazame dhidi ya mwanga. Mstari mwembamba kama unywele si neno, lakini ulimi uliomegeka ncha au uliopinda hautakiwi kurudi humo. Ulimi wa chuma ukikatika unaelekea kwenye pistoni. Ridi isiyofunga vizuri huonekana pia kwa petroli inayotemewa nyuma mpaka kwenye sponji.

Sili ya upande wa magineti inabadilishwa bila kupasua injini. Magineti hutolewa kwa pula yake, ile ya kufunga kwenye nyuzi za katikati. Ukitumia nyundo na bisibisi utapindisha krenki au kupasua sumaku. Kabla ya kung'oa sili ya zamani, shika magineti kwa mikono miwili na ujaribu kuinua na kushusha. Ukihisi mchezo wowote, beringi ya krenki imekwisha, na sili mpya juu ya beringi mbovu haimalizi msimu. Sili ya zamani ina vipimo vitatu vilivyochapwa usoni: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Kwa namba hizo utaipata kwenye maduka ya beringi hata kama hakuna anayelijua jina Blaster. Ipake grisi mdomoni na uiingize sawasawa, upande wenye springi ukitazama ndani ya tumbo la krenki.

Sasa kabureta

Hata kama tundu limepatikana, petroli ya miezi minane imeacha gundi. Jeti ya sailensa, ile ndogo, ina tundu la karibu theluthi moja ya milimita. Inaweza kuonekana safi machoni na ikawa imeziba nusu. Itazame kwenye jua: uone duara kamili lenye kingo kali. Usiichokonoe kwa spoku wala sindano, ni shaba ya njano laini na ukiipanua umeipoteza. Nyuzi moja ya shaba kutoka waya laini wa umeme, ambayo kwa kawaida ni milimita 0.2, inapita bila kuumiza. Maji ya limao yanang'arisha kabureta kwa nje ila yanakula madini ukiyaacha usiku. Dawa ya kabureta ndiyo ya kulowekea, baada ya kutoa kila kitu cha mpira.

Sehemu inayosahaulika ni mashimo mawili madogo kwenye sakafu ya koo la kabureta, karibu na ukingo wa slaidi upande wa injini. Toa skrubu ya hewa na jeti ya sailensa, pulizia dawa kwenye tundu la jeti, uone inatoka kwenye mashimo yote mawili na kwenye tundu la skrubu. Likikataa hata moja, kabureta hiyo haijasafishwa hata ingefunguliwa mara kumi.

Unapoifunga, geuza kabureta juu chini, mkono wa floti uwe sambamba na uso wa gasketi. Sehemu iliyokatwa ya slaidi itazame boksi la hewa. Ikigeuzwa, sailensa haitashuka kamwe. Slaidi yenyewe ikicheza-cheza kiubavu ndani ya koo na kung'aa upande mmoja, imelika, na hewa inapita pembeni yake. Ikifika hapo, fundi wako atakuwa na haki kuhusu kabureta mpya.

Kuweka sailensa

Hapa ndipo mkono uliozoea Boxer unapotea njia. Kwenye kabureta nyingi za mipigo minne skrubu ya mchanganyiko iko upande wa injini na inapitisha petroli: ukiifungua unaongeza petroli. Kwenye Mikuni hii iko upande wa boksi la hewa na inapitisha hewa: ukiifungua unapunguza petroli. Mtu akiona njaa na kuifungua skrubu hiyo kwa mazoea, anaizidishia njaa, kisha anaikimbilia skrubu ya sailensa kuinua slaidi, na kwodi inaanza kulia juu.

Washa injini ipate moto kwa dakika 5 hadi 10. Ikaze skrubu ya hewa polepole mpaka iguse, bila nguvu, kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu. Inua skrubu ya sailensa kiasi cha injini kukaa. Fungua skrubu ya hewa robo mzunguko, subiri sekunde 10, sikiliza. Rudi robo, subiri, sikiliza. Unatafuta mahali inapolia kwa kasi ya juu na kwa utulivu. Ukipapata, teremsha skrubu ya sailensa mpaka karibu mizunguko 1,500 kwa dakika, au kama huna mita, mpaka sauti ya chini kabisa inayoweza kukaa dakika mbili bila kuguswa. Rudia skrubu ya hewa mara moja tena.

Mahali ulipoishia panasema jambo. Kama injini inafurahi skrubu ikiwa imefunguliwa chini ya mzunguko mmoja, inaomba petroli zaidi: jeti ya sailensa iongezwe namba moja. Kama inafurahi zaidi ya mizunguko miwili na nusu, jeti ni kubwa mno. Vuta mafuta ghafla na uachie. Ikisita kama inataka kuzima, bado ni nyepesi. Ikibubujika, ni nzito. Ikipanda safi lakini ikachelewa kushuka, rudi kwenye povu la Omo, kuna hewa bado inaingia. Siku utakapoipeleka Kapchorwa, karibu mita 1,800, utaifungua robo mzunguko zaidi, na ukishuka uirudishe.

Oili na hiyo kabureta ya kichina

Blaster ilitoka kiwandani na pampu ya oili, lakini nyingi zimeng'olewa. Jua yako ni ipi kabla ya kujaza tangi. Kama pampu ipo, weka alama ya tepu kwenye kikasha cha oili uone kama kinapungua. Mpaka uthibitishe, changanya pia mililita 100 kwenye kila lita 5 za petroli. Kama imeng'olewa, lita 5 zinataka mililita 156, yaani 32 kwa 1. Usizidishe kwa huruma. Oili inachukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, kwa hiyo ukizidisha oili unaongeza njaa kidogo. Nunua oili yenye alama ya JASO FC au FD. Ile ya TC-W3 inayouzwa kwenye mialo kwa injini za boti imetengenezwa kwa injini zinazopozwa na maji ya ziwa, na yako inapozwa na upepo tu.

Plagi ya asili ni NGK B8ES, nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8. Baada ya kazi yote tembea nayo kwa mwendo wa kawaida dakika 15, izime kwa swichi na uitoe. Rangi ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeupe kama chokaa, hasa yenye vidoa vidogo vinavyometameta, ni pistoni inayoanza kuyeyuka: simama hapo.

Kabureta za PZ za pikipiki za kichina zinaingia kwenye mpira vizuri tu, ndiyo maana zinauzwa. Lakini zimepangwa kwa injini ya mipigo minne inayovuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Yako inavuta kila mzunguko, sindano na slaidi vyote vinahitaji umbo lingine. Nakala za VM zipo pia, na namba zilizochapwa kwenye jeti zake mara nyingi hazilingani na tundu. Ukilazimika kununua nakala, hamishia humo jeti na sindano zako za asili. Kwa jeti za Mikuni, jaribu wauza vipuri wa Kisekka, Kampala, wanaohudumia AG100 na DT za zamani, pikipiki za Yamaha za mipigo miwili. Nenda na jeti yako mkononi, mlinganishe nyuzi, urefu na namba, usiende na jina la kwodi peke yake.

Ukimaliza, andika kwa rangi ndani ya kifuniko cha boksi la hewa: namba ya jeti mbili, sindano iko mfuo wa ngapi kutoka juu, na skrubu ya hewa imefunguliwa mizunguko mingapi. Fundi mwingine akiigusa, utajua pa kuirudisha.